Saud bin Marhoun wa Chokocho, Fundi Aliyewangoja Wenzake

Assalamu alaykum mashehe, wazee wetu, na kina mama mlioko ndani. Khitma imesomwa, Mola aipokee. Najua kwetu si desturi kumsomea marehemu wasifu. Tunamsomea Qur'ani na kumwombea, yatosha. Lakini marehemu aliniomba mwenyewe. Alitaka iandikwe mahali, kwenye karatasi, kwamba alikuwa fundi. Mimi ni Zuweina, dada yake niliyemfuata kwa kuzaliwa, na nimesomesha skuli miaka thelathini na mbili, kwa hiyo kuandika hakunishindi. Anayewasomea ni mwanawe mkubwa, Muhannad, kwa kuwa sauti yangu haitafika kwenye mikeka ya wanaume. Muhannad, soma yote, hata pale utakapoona haya.

Marehemu Saud bin Marhoun bin Suhail alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, hapa Chokocho, Pemba, mtoto wa kwanza wa Mzee Marhoun na Bi Rawya binti Himid. Babu zetu walikuwa na mashamba ya mikarafuu. Sisi tulipopata akili, baada ya Mapinduzi, mashamba hayo yalikuwa ni ya kuonyeshwa kwa kidole tu, na baba alikuwa analima muhogo na mpunga kama jirani yeyote. Alijifunza jembe akiwa mtu mzima, akatoka malengelenge, akachekwa, akazoea. Alichojifunza zaidi ni kwamba hapa kijijini mtu hakai peke yake. Mtu akishasimamisha miti na kufunga fito za nyumba yake, hutaja siku, na watu huja kumkandikia: wanaume hukanyaga udongo na kuutupia ukutani, wanawake hubeba maji, mwenye nyumba hupika. Baba hakukosa hata siku moja ya kumkandikia mtu. Alikwenda na homa, alikwenda na jeraha la mguu. Mwaka 1974 ilipofika zamu yetu, watu walikuja wengi mpaka wengine wakakaa chini kwa kukosa ukuta wa kukandika, na mama alipika wali mara mbili. Saud alikuwa na miaka minane. Siku ile ilimwingia kichwani na haikumtoka tena, na mimi leo nasema ndiyo iliyomponza.

Alianza skuli ya msingi hapahapa mwaka 1973, akaendelea mjini Mkoani, na mwaka 1983 alimaliza kidato cha tatu. Hakuwa mwanafunzi wa mbele. Imla ilimshinda, ramani ilimshinda zaidi. Lakini alipokuwa Mkoani taipureta ya mwalimu mkuu iliharibika, herufi zikawa zinagandana, na Saud akaingia ofisini bila ruhusa akaitengeneza. Alichapwa fimbo sita kwa kugusa kitu cha ofisi. Mwezi uliofuata zilipogandana tena, mwalimu mkuu alimtuma mtu darasani akamwite. Alikwenda, akaitengeneza, akarudi darasani, wala hakuuliza kuhusu zile fimbo. Baba alipopata habari alicheka mpaka akakohoa.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika hospitali moja hapa kisiwani, akiwa mhudumu wa stoo. Stoo ile ilijaa mashine zilizoletwa kwa msaada na kufa ndani ya mwaka, vitabu vyake vikiwa vimeandikwa kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua. Alikuwapo fundi mmoja wa Kichina aliyekaa miaka miwili. Yeye na Saud hawakuwa na maneno hamsini ya kuelewana, lakini walikuwa wakiinama pamoja juu ya mashine kutwa nzima. Fundi yule ndiye aliyemfundisha kusikiliza. Alikuwa akimshika kichwa na kumlaza sikio juu ya bati la mashine, kisha anaonyesha kwa mkono: hii nzima, hii mbovu. Kufikia mwaka 1990 hapakuwa na hadubini, jokofu la chanjo wala mashine ya kuchemshia vyombo iliyomshinda marehemu. Kwenye karatasi za ofisi aliendelea kuwa mhudumu wa stoo. Aliahidiwa kupelekwa kozi kila mwaka, na kila mwaka alikwenda mtu mwingine.

Tarehe 22 Agosti 1991 alimwoa Bi Rahila binti Shaame wa Konde, mshonaji. Hapakuwa na mbwembwe. Alikwenda kumtengenezea mama mkwe wake cherehani mara tatu mfululizo, na mara ya tatu mzee Shaame akamwambia kama cherehani ni nzima basi aseme anachotaka. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Muhannad na Manar. Bi Rahila yuko ndani hapa, ananitazama, na anajua kuwa sitasema zaidi.

Mwaka 1996, miezi michache baada ya uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi, marehemu alipewa barua ya mistari miwili kuwa kazi yake imekwisha. Sababu haikuandikwa. Hakuwa peke yake, na wengi mlioko hapa mnazo barua zenu kwenye masanduku, sina haja ya kuwakumbusha. Alikuwa na miaka thelathini. Alihamia Konde, kwao mke wake, akafungua kibanda karibu na soko akawa anatengeneza redio, feni na pasi. Aliyemwona pale akidhani ni fundi redio hakukosea. Lakini mara kwa mara muuguzi alishuka kwenye gari la abiria na kitu kizito kimefungwa kanga, akakiweka juu ya meza, na marehemu akafunga kibanda mapema. Zilikuwa mashine za hospitali zinazokwenda kwake kwa siri, maana aliyefukuzwa kwa barua hakuwa na ruhusa ya kuzigusa. Zikirudi zinafanya kazi, hakuna aliyeuliza. Ndivyo alivyoishi miaka ishirini. Alikuwa fundi wa hospitali asiyeweza kupita mlango wa hospitali, labda awe mgonjwa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi mnalijua nusunusu, na wengine mmelisema vibaya. Mwaka 2016 muuguzi mmoja aliyehamia bara, Bi Mwanakhamis, alimwingiza marehemu katika kundi la WhatsApp la mafundi wa vifaa vya hospitali. Walikuwa mia mbili na kitu, wa bara, wa Unguja, wengine wa Mombasa, na karibu wote ni watu wa vyeti. Kundi lilikuwa na kazi moja: mtu akikwama na mashine anauliza, wenzake wanamjibu. Miezi miwili ya mwanzo marehemu alisoma tu. Bi Rahila anasema alikuwa akisoma huku akitikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza hotuba.

Siku moja mchana aliuliza kijana mmoja wa Makunduchi anayefanya kazi Tabora, jina lake Silima. Mashine ya kuzalisha oksijeni ilikuwa inapiga kelele ya hatari na kujizima, na wodini kulikuwa na mtoto mchanga. Wenzake wakamwandikia pole. Wengine wakataka picha. Marehemu akaandika kwa mara ya kwanza. Alimwambia asitume picha, aiweke simu karibu na mashine, anyamaze, atume sauti. Sauti ilikuja. Marehemu aliisikiliza mara mbili, akamjibu kuwa mashine inavuta hewa kwa taabu, afungue nyuma kuna chujio la pili ambalo watu hulisahau. Baada ya robo saa Silima aliandika kuwa mashine imetulia na mtoto anapumua. Watu wakamiminika kushukuru. Wakamwita Injinia. Akawaandikia kuwa yeye si injinia, ni fundi tu wa Pemba. Wao wakaona huo ni unyenyekevu, wakazidi kumwita Injinia.

Kuanzia siku ile hakukuwa na Saud tena. Kibandani feni za watu zililala wiki nzima, yeye ameshika simu sikioni, amefumba macho, anasikiliza mashine ya Kigoma. Wakati wa chakula cha mchana anajibu. Siku ya pili ya Idi anajibu. Tulijiuliza sana ni nini kilichomshika. Bi Rahila alisema ni sifa, mtu akiitwa Injinia baada ya miaka ishirini ya pasi na feni lazima alewe. Manar alisema baba anajifunza, kwani mle ndani walimpa vitabu vya mashine ambavyo hakuwahi kuvishika, tena kwa lugha anayoisoma. Mimi nilisema ni kwa sababu mle hakuna aliyemuuliza wa chama gani wala babu yake alikuwa nani. Yote yalikuwa kweli kidogo. Lakini nilipomuuliza mwenyewe, nikimgombeza kwamba watu wale hawajui hata sura yake, alinijibu kwa upole kabisa.

"Zuweina, mie nawakandikia wenzangu. Na mie nitasimamisha nyumba siku moja. Watakuja."

Sikumbishia. Mimi ni binti wa baba yuleyule, na kwa wakati ule nilimwamini.

Nyumba hiyo aliyoisema ilisimama mwaka 2022. Chuo kimoja cha bara kilitangaza kuwa fundi wa siku nyingi asiye na cheti anaweza kupimwa, akifaulu apewe cheti na namba ya usajili. Sharti lilikuwa barua tatu kutoka kwa mafundi wenye namba, wanaoujua ufundi wake. Mwisho wa kupeleka ni tarehe 30 Septemba. Marehemu alikuwa na miaka hamsini na sita. Namba ile ingemwezesha kuajiriwa, hata kwa mkataba, hata kwa mwaka mmoja, aingie hospitali kwa mlango wa mbele akiwa na ufunguo wa chumba cha mafundi. Hakutaka zaidi ya hilo duniani, nami namshuhudia. Barua tatu, na kundini walikuwamo watu mia mbili na kitu, ambao nusu yao aliwahi kuwatoa kwenye shida kwa mkono wake.

Alikaa siku tatu akiandika ombi lake. Alinipigia simu nimsahihishie. Aliandika kwa adabu, akaeleza kuwa hana cheti, akaeleza alivyofukuzwa bila kumtaja mtu, akawaomba watatu tu wamwandikie. Alilituma Jumatatu saa nne asubuhi. Manar anasema alifunga kibanda, akaoga, akavaa kanzu, akakaa kwenye kiti. Alikaa kama mtu anayengoja wageni.

Walikuja kwa vidole gumba vya kwenye simu. Hongera Injinia, insha Allah Injinia, tuko pamoja Injinia. Alasiri mtu mmoja akauliza kama ni kweli kuwa hana cheti. Mwingine akaandika kuwa kumbe miaka yote tunafundishwa na fundi redio. Wachache walimtetea, kisha nao wakanyamaza, kwa sababu kumwandikia mtu barua ni kuweka jina lako na namba yako, na mashine ikija kuua mgonjwa ataulizwa aliyetia sahihi. Hayo sikuyazua, aliyaandika mmoja wao waziwazi, na marehemu akasema huyo angalau ni mkweli. Aliwapigia simu wengine mmoja mmoja. Walipokea kwa furaha, wakaahidi. Wawili kati yao waliahidi, halafu palepale wakamuuliza kuhusu mashine zao, naye akawajibu.

Ikaja barua moja, ya Silima wa Tabora. Tarehe 30 Septemba ikapita.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na bado nimekasirika, Mungu anisamehe katika kikao hiki. Nilimwambia wale si watu wa kijiji chako. Aliyekosa kwenda kumkandikia jirani yake hapa Chokocho atakutana naye kisimani, msikitini, shambani, na siku yake atakanda udongo na mkewe peke yao. Wale utakutana nao wapi? Tarehe 11 Januari 2023 msimamizi wa kundi akatangaza kuwa kundi ni la wenye namba ya usajili tu, na asiye nayo atatolewa. Marehemu akatolewa saa sita na dakika kumi mchana. Muhannad, usishushe sauti hapo, wote wanajua.

Alirudi kwenye feni. Watu wa kundi waliendelea kumpigia pembeni, wale wale, wakiuliza mashine zao, na yeye hakumnyima hata mmoja. Nilimuuliza anawajibu kwa nini sasa, maana nyumba ndiyo hiyo, imesimama miti mitupu. Alisema mgonjwa aliyelala kwenye ile mashine hakukataa kumwandikia barua.

Mwezi Februari 2024 aligundulika kuwa figo zake zimechoka. Alikuja Unguja ninakoishi, akakaa kwangu, na mara mbili kwa wiki nilimpeleka hospitali kusafishwa damu. Mwanzoni alifurahia, msicheke. Alikuwa hajawahi kuiona mashine ile kwa karibu. Alilala ameigeukia, anaisikiliza, ananiambia mambo yake kama mtu anayemsema jirani mpya. Mwezi Agosti aliniambia pampu imeanza kulalamika. Nikamwambia muuguzi, muuguzi akamwita fundi. Alikuja kijana nadhifu, kitambulisho kifuani, wakati marehemu ameshamaliza kusafishwa na bado amelala kitandani kupumzika, na mgonjwa mwingine anangoja zamu.

Kijana aliiwasha mashine, akatoa simu, akaiweka karibu na pampu, akatuambia tunyamaze. Nilielewa kabla hajasema neno. Nilimuuliza anafanya nini. Akanieleza kwa heshima kuwa wana kundi lao la mafundi, na huko mtu hutuma sauti ya mashine, ni njia aliyoileta fundi mmoja wa zamani, hakuwahi kumwona. Majibu yakaja. Wengi walisema mota imekufa, iagizwe nyingine, miezi mitatu. Mgonjwa aliyekuwa akingoja alianza kulia.

Marehemu akasema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo, kuwa mota ni nzima, kuna bati nyuma ya pampu limelegea skrubu linagusa, alikaze. Kijana alimtazama mzee yule mwenye bandeji mkononi, na nadhani alikaza kwa kumridhisha tu. Mashine ikanyamaza. Kijana akashukuru, akageuka upande, akaandika kundini kuwa tatizo amelipata, ni skrubu. Nilikuwa karibu, niliviona vidole gumba vikipanda.

Nikafungua mdomo nimwambie aliyelala pale ni nani. Marehemu alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Muache. Mashine imenyamaza."

Mwezi Oktoba alisema imetosha, arudishwe kwao. Alisema mashine inafanya kazi vizuri, aliyechoka ni yeye. Madaktari walitueleza maana yake nini, naye akawaelewa kuliko sisi. Tulishuka bandari ya Mkoani, akaletwa hapa nyumba ya baba. Alikaa siku kumi na saba, majirani wakimgeuza na kumwogesha kwa zamu bila kuambiwa. Siku moja kati ya hizo ndipo aliponiomba karatasi hii. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Walikuja watu wa Chokocho, wa Mkoani, na gari mbili kutoka Konde, na kaburi lilichimbwa na mikono mingi kuliko lilivyohitaji.

Jumatano Manar alipata wazo, nami nilimkubalia. Alimwandikia msimamizi wa kundi kuwa Injinia Saud wa Pemba amefariki, awaarifu wenzake. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa, na nimelinakili herufi kwa herufi: "Poleni sana kwa msiba. Tafadhali tuma namba ya usajili ya marehemu ili tangazo liweze kuwekwa." Manar alinitazama. Nilimwambia aweke simu chini, twende tukawape watu chai.

Marehemu ameacha mke, Bi Rahila binti Shaame; watoto, Muhannad na Manar; wajukuu watatu; mimi dada yake; na majirani ambao sitawataja kwa kuwa ni nyinyi. Manar aliuliza kama tuandike na wenzake wa kazi, kama inavyoandikwa kwa watu waliokuwa na kazi. Nimesema tuandike. Marehemu ameacha mwenzake wa kazi mmoja, Silima wa Tabora, aliyemwandikia barua.

Ewe Mola, mpokee mja wako Saud mwana wa Marhoun, mtengenezaji wa mashine za wagonjwa, na usimuulize namba. Mpumzishe. Amin.